Kabati la kukaushia sosisoni nyumbani, hapa Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yule anayetaka kutengeneza sosisoni ya kukausha nyumbani kwake, ile inayokatwa vipande vyembamba na kuliwa bila kupikwa. Maelekezo mengi ya kazi hii yametoka Italia, Ufaransa au Marekani, na yanamwambia mtu atafute pishi lenye baridi chini ya nyumba. Sisi hatuna pishi. Tuna kiangazi kinachopasua midomo, tuna Oktoba, tuna miezi ya mvua, na tuna umeme unaokatika. Kwa hiyo kabati letu ni frigo ya zamani iliyogeuzwa kazi, na majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mji huu.

Kabati linafanya kazi gani hasa? Si nitundike tu jikoni?

Linapunguza mwendo wa kukauka. Maji yaliyo juu ya sosisoni yanaingia hewani, na maji ya ndani yanasogea polepole kuja juu kushika nafasi yake. Hewa ikiwa kavu mno, ngozi inakuwa ngumu kabla maji ya ndani hayajafika. Yanabaki yamefungiwa, na nyama inaharibika katikati huku nje inaonekana nzuri. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mno, ngozi inateleza na kuota ukungu wa kila rangi.

Kinachotakiwa ni joto la nyuzi 12 hadi 15 na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, usiku na mchana, kwa wiki kadhaa. Jiko lako haliwezi kutoa hali hiyo hata wiki moja.

Linahitajika mwaka mzima?

Ndiyo, ila kazi yake inabadilika. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200, na kiangazi chetu ni kuanzia Mei mpaka Septemba. Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo ubaridi unapewa karibu bure. Shida ya miezi hiyo ni ukavu na vumbi jekundu. Mwenye depo ya matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu yenye ukuta mnene, anaweza kuweka kabati upande wa kusini wa nyumba. Wakati huo wa mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na ukuta wa kusini unabaki kivulini.

Oktoba ni habari nyingine: mchana joto linapita nyuzi 30 na frigo inafanya kazi bila kupumzika. Mvua zikianza Novemba mpaka Aprili, joto linapungua lakini unyevu unapanda, na sasa unapigana na maji badala ya ukavu.

Anayeanza, aanze Juni. Nalisema hili kwa kila mtu na sitaacha kulisema.

Nitafute frigo ya aina gani?

Frigo ya zamani isiyo na feni ndani, ile inayotengeneza barafu kwenye bati la nyuma. Zile mpya zisizogandisha barafu zinapuliza hewa kavu muda wote, nazo zinakausha ngozi ya sosisoni kwa siku mbili tatu. Ya mtumba inatosha, mradi mpira wa mlango unabana. Weka karatasi mlangoni, funga, ivute: ikitoka bila kukwama, mpira umekwisha.

Urefu wa ndani ni muhimu kuliko upana, kwa sababu sosisoni zinatundikwa na hazitakiwi kugusana wala kugusa ukuta. Toa rafu zote, acha moja ya juu au weka fimbo za chuma kisichoshika kutu. Mbao zinakubalika, ila zinanywa unyevu na ni ngumu kusafisha.

Usitoboe kuta za frigo. Katika frigo nyingi mabomba ya gesi yamepita ndani ya kuta, na siku hizi gesi hiyo mara nyingi ni isobutani, ambayo inawaka. Pitisha nyaya kwenye tundu la kutolea maji lililoko nyuma, au zibane chini ya mpira wa mlango kwa kutumia waya bapa.

Frigo inakaa kwenye nyuzi 4. Nitaifikishaje 13?

Kwa kidhibiti joto cha nje. Ni kisanduku chenye plagi mbili na waya mwenye kipimo mwishoni. Frigo inachomekwa upande wa baridi, na kipimo kinaning'inia katikati ya kabati, mbali na bati la barafu. Weka nyuzi 13, na tofauti ya nyuzi 2 kati ya kuwaka na kuzima. Ukiweka tofauti ndogo mno, kompresa itawaka na kuzima kila mara mpaka ife. Vidhibiti vingi vina sehemu ya kuchelewesha kompresa. Weka dakika 5.

Upande wa pili wa plagi ni wa joto. Utauhitaji tu kama kabati liko depo ya nje mwezi wa Julai. Balbu ya zamani ya wati 25 inatosha, lakini ifunike kwa kopo la bati, maana mwanga unafanya mafuta yaharibike haraka.

Kabla ya kidhibiti weka stabilizateri. Umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingi unarudi na nguvu isiyo sawa, na kompresa ndiyo inayolipa.

Nahitaji mashine ya kuongeza unyevu?

Wengi wanainunua kwanza kabla hata hawajajua kama wanaihitaji. Piga hesabu. Ukitundika kilo 5 za sosisoni na zikapoteza asilimia 35 ya uzito, kilo 1.75 zimeondoka, na karibu zote ni maji. Maji hayo yote yanapita kwenye hewa ya kabati lako, na mengi zaidi katika wiki ya kwanza. Kabati lililojaa linajipa unyevu lenyewe, na mara nyingi tatizo ni kuutoa.

Kwa hiyo anza na trei pana ya chumvi. Mimina chumvi nyingi ya kawaida, ongeza maji kidogo mpaka iwe kama mchanga uliolowa, iweke chini kabisa. Chumvi iliyolowa hivyo inaivuta hewa kuelekea asilimia 75: unyevu ukizidi inanywa, ukipungua inatoa. Haina nguvu ya kushindana na kabati lililojaa nyama mbichi, lakini inalainisha mapando na mashuko. Hakikisha daima unaona chumvi ambayo haijayeyuka. Ikiyeyuka yote, ongeza.

Kiangazi kikikaza na kipimo kikabaki chini ya 70 hata baada ya trei, hapo ndipo mashine ndogo ya kutoa mvuke baridi ina kazi. Itie maji yaliyosafishwa madini. Maji ya bomba yanaacha unga mweupe juu ya kila kitu, na utadhani ni ukungu mzuri. Usinunue dukani chupa ya "maji ya betri" kwa kazi hii: nyingine ndani yake kuna asidi.

Miezi ya mvua, feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 inasaidia. Iwashe dakika chache kila saa, ielekeze ukutani na siyo kwenye sosisoni. Hewa inayopiga upande mmoja inakausha upande mmoja.

Kipima unyevu changu kinasema 60, cha rafiki kinasema 74, kabati ni moja. Nani mkweli?

Pengine wote wawili wanadanganya. Vipimo vya bei nafuu vinatoka dukani vimepotoka, na hii ndiyo sababu ya sosisoni nyingi kuharibika mikononi mwa watu makini. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi, idondoshee maji matone machache tu. Kifungie pamoja na kipimo ndani ya chupa ya mdomo mpana au mfuko usiopitisha hewa, acha mahali penye joto lisilobadilika kuanzia jioni hadi asubuhi. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 69, andika juu yake kwa kalamu: ongeza 6. Rudia jaribio kila baada ya miezi michache.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, nyama imekwisha?

Inategemea imefika hatua gani. Sosisoni iliyotiwa chumvi sawasawa, iliyochacha vizuri na kupoteza tayari asilimia 20 ya uzito, haitishiki na saa chache za nyuzi 20. Usifungue mlango kuangalia. Chupa za maji zilizopangwa chini ya kabati zinapoa pamoja nalo na kushikilia baridi umeme ukiondoka.

Hatari iko kwenye nyama mbichi kabla haijasagwa, na siku za kwanza baada ya kujaza. Ndiyo maana siku ya kusaga inachaguliwa kwa kufuata umeme wa mtaa wako. Ukijua delestaji yenu, yaani zamu ya kukatiwa umeme, inakuja jioni, saga alfajiri.

Chumvi gani, na kiasi gani?

Soma jibu hili mara mbili. Chumvi ya kawaida peke yake haitoshi. Ndani ya sosisoni hakuna hewa, na mahali pasipo na hewa ndipo panapostawi bakteria wa botulini, ambao sumu yao haina harufu wala ladha na inaweza kuua. Nitriti ndiyo inayowazuia, na ndiyo inayoipa nyama rangi nyekundu na ladha yake.

Hapa kwetu zinafika chumvi za aina mbili, na watu wanazichanganya. Ile ya Ulaya, mfuko ulioandikwa «sel nitrité», kwa kawaida ina nitriti asilimia 0.6 na inatumika kama chumvi yenyewe: gramu 25 kwa kila kilo ya nyama na mafuta, zinazotoa miligramu 150 za nitriti. Unaongeza gramu 3 za chumvi ya kawaida, basi. Ile ya Marekani namba 2, ya rangi ya waridi, ina nitriti asilimia 6.25, yaani zaidi ya mara kumi, pamoja na nitrati kwa ajili ya mikausho mirefu. Hiyo ni gramu 2.5 tu kwa kilo, pamoja na gramu 25 za chumvi ya kawaida.

Sasa fikiria mtu mwenye mfuko wa Marekani mkononi na maelekezo ya Kifaransa kwenye simu. Anatia gramu 25. Amemlisha mtu nitriti mara kumi ya kipimo. Nitriti nyingi inaizuia damu kubeba oksijeni: midomo na kucha zinageuka bluu, mtu anapumua kwa shida, na hapo ni kukimbilia hospitali. Soma asilimia kwenye mfuko kabla ya kufungua. Kama imemiminwa kwenye mfuko usio na maandishi, hata kama muuzaji ni ndugu yako, usiinunue.

Pima kwa mizani ya gramu yenye desimali moja au mbili, kamwe kwa kijiko. Ile ya Ulaya mara nyingi ni nyeupe kama chumvi ya mezani, kwa hiyo ifungie mbali na jiko na watoto, na jina liandikwe kubwa.

Nyama ya nguruwe wa hapa ni salama kwa kuliwa bila kupikwa?

Nguruwe wengi wa mitaani wanazurura na kula chochote, na nchini mwetu tegu wa nguruwe yupo. Ukila nyama mbichi yenye vifuko vyake, unapata mnyoo wa tumboni. Mayai ya mnyoo huo yanatoka na choo, na mtu mwingine akiyameza kwa mikono michafu au mboga, vifuko vinaweza kuota kwenye ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo nyama yako inaweza kumdhuru jirani ambaye hakuionja.

Nunua kwa bushe anayeleta nyama iliyokaguliwa na daktari wa mifugo, ya nguruwe waliofugwa zizini. Ikate mwenyewe vipande vyembamba na uiangalie kwenye mwanga wa dirisha: vifuko vinaonekana kama punje nyeupe za mchele, laini, zenye maji, zimekaa katikati ya nyuzi za nyama. Ukiona hata kimoja, nyama yote hairudi mezani.

Kutoona si uthibitisho. Gandisha nyama yote, katika vipande visivyozidi unene wa sentimita 15, kwa nyuzi 15 chini ya sifuri au baridi zaidi, siku 20 kamili. Muda huo unatosha kwa vifuko vya tegu na kwa trikina, mnyoo mwingine wa nyama, wa nguruwe wa kufugwa. Kwa delestaji zetu, weka kipimo ndani ya kongelateri na uhesabu siku zile tu ambazo baridi ilishika; mimi naacha mwezi mzima. Usitegemee chumvi na kukausha vifanye kazi hiyo. Nyama ya ngiri na ya porini yoyote usiitumie hapa, ipike.

Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru mtu, lakini virusi vyake vinaishi miezi ndani ya nyama iliyokaushwa bila kupikwa. Mabaki ya sosisoni usiwatupie nguruwe wa mtu yeyote.

Yaya, na sisi tusiokula nguruwe?

Tengeneza ya ng'ombe, dada. Kanuni za chumvi na kabati ni zilezile, na igandishe pia, maana ng'ombe ana tegu wake. Mafuta ya ng'ombe ni magumu na yanabaki mdomoni, kwa hiyo tia kidogo, asilimia 15 hadi 20. Kitunguu saumu, bizari ya jira na pilipili vinaipendeza.

Njia nyingine imepanda kutoka Afrika Kusini kupitia Zambia: droëwors, sosisi nyembamba ya ng'ombe yenye giligilani na siki, inayokaushwa haraka kwa hewa inayopita. Hiyo haitaki kabati hili kabisa. Inataka sanduku lenye wavu na feni, na kiangazi chetu kinaifaa. Kwa anayeogopa gharama ya frigo, ningeanzia hapo.

Kwa nini sosisoni ikae kwenye joto kabla ya kuingia kabatini?

Ili ichache. Bakteria wazuri wanakula sukari kidogo uliyotia, gramu 3 za glukosi kwa kilo, na kutoa asidi inayowafukuza wabaya. Wanauzwa wamekaushwa kwenye pakiti na hukaa kwenye kongelateri. Watu wengi hapa wanaagiza kwa ndugu anayetoka Ulaya au Afrika Kusini. Maziwa ya mgando si mbadala.

Sosisoni inakaa saa 48 hadi 72 kwenye nyuzi 20 hadi 24, unyevu asilimia 85 hadi 90. Juni hapa utahitaji ile balbu, Oktoba utahitaji frigo. Jaza pia kikombe kidogo cha nyama ileile, kifunike, na hicho ndicho utakachopima kwa karatasi za asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ifike 5.3 au chini. Siku tatu zikipita haijafika, tupa. Kuipika hakuiokoi, kwa sababu sumu ya Staphylococcus aureus haiharibiwi na moto wa jikoni.

Nitajuaje imekuwa tayari?

Kwa mizani. Siku ya kutundika, funga kwenye uzi wa kila sosisoni kikaratasi chenye namba mbili: uzito wa leo na uzito unaongoja. Kwa mfano 600 na 390, maana yake imepoteza asilimia 35. Ikifika namba ya pili, iko tayari. Kabla ya hapo, bado, hata kama mwezi umepita na wageni wako mlangoni. Sosisoni ya utumbo wa milimita 32 hadi 34 huchukua wiki tatu hadi tano, ile nene ya milimita 60 miezi miwili hivi.

Kisha ibonye kwa vidole viwili. Inatakiwa iwe ngumu sawasawa kuanzia nje hadi katikati, bila utepetepe ndani.

Nimekata, nikaona pete nyeusi pembeni na katikati ni laini. Niitupe?

Nusa kwanza. Kama harufu ni ya nyama na siki kidogo, ilikauka haraka tu. Zile zilizobaki nzima zifunge kwenye mfuko usio na hewa, ziweke kwenye frigo ya kawaida wiki moja au mbili: unyevu wa katikati utasambaa na ngozi italainika. Kisha zirudishe kabatini kwenye asilimia 80 na zaidi. Harufu ikiwa ya kuoza, au katikati kuna rangi ya kijivu na kijani, hakuna cha kuokoa.

Ukungu?

Mweupe, mkavu, kama unga: mwache, unalinda ngozi. Wa kijani au bluu, futa mara moja kwa kitambaa chenye siki na punguza unyevu. Mweusi, au wenye manyoya marefu: sosisoni hiyo iondoke, na kabati lote lioshwe kwa maji ya javeli, lisuuzwe na kukaushwa mlango ukiwa wazi.

Naweza kuipitisha kwenye moshi?

Ndiyo, baada ya kuchacha, moshi baridi usiozidi nyuzi 25. Mti wa mwembe au mpera ni mzuri. Makala, yaani makaa, hayatoi moshi unaofaa, na mbao zenye rangi au dawa usizichome.

Nani asiile?

Mama mjamzito, mtoto mdogo, mzee dhaifu na mwenye kinga ndogo. Vijidudu vya Listeria na toksoplazma ni hatari kwao, hata kama umefuata kila kipimo. Wapikie.

Naweza kuwauzia majirani?

Kuuza ni kazi nyingine: inataka ukaguzi wa huduma ya mifugo na ya usafi, na vipimo vya maabara ambavyo kabati la nyumbani halina. Tengeneza kwa ajili ya meza yako.

Mara ya kwanza nianze na kilo ngapi?

Kilo 2: robo tatu iwe nyama ya paja au bega na robo mafuta magumu ya mgongoni, katika utumbo mwembamba. Lakini kabla ya hapo liendeshe kabati tupu wiki nzima, na trei ya chumvi ndani, ukiandika joto na unyevu asubuhi na jioni. Ukiona namba zinaruka, rekebisha sasa, wakati bado hakuna nyama ya kupoteza.